Mama Alipojitafutia Fleti ya Wazee

Nilikuwa nashona kola za sare za shule simu ilipolia. Karakana yetu ina cherehani kumi na mbili na zote hunguruma kwa pamoja, basi nikatoka kwenye ngazi ili nisikie. Mwanamke mwenye sauti ya upole aliniuliza kama mimi ndiye binti wa bibi fulani, akalitaja jina la mama yangu kwa taabu, silabi moja moja. Mama ana miaka sabini na mitatu, na saa ile nilijua yuko nyumbani kwetu, mtaa wa Troyeville, ndani, na geti la chuma limefungwa kwa nje.

"Usiogope," yule mwanamke akasema. "Ameandika namba yako kwenye fomu. Amekuja kutazama fleti zetu mara mbili, nasi tungependa safari nyingine aje na mtu wa familia."

"Fleti gani?"

"Za wazee wanaojitegemea. Huku mtaa wa Observatory."

Nikamwambia amekosea mtu. Akasema labda, lakini bibi huyo alikuja na mtandio wa kijani, na kabla ya kuuliza kodi aliomba aingie chooni, akakaa na kuinuka mara tatu kuona kama ataweza bila kushika kitu. Hapo nikajua hajakosea.

Geti nilikuwa nalifunga mimi. Baba alipofariki nilimtoa mama Tanga nikamleta kwangu huku ugenini, na mwezi wa kwanza tu alikwenda kununua nyanya kwenye spaza, kile kiduka cha kona, akapotea. Tulimkuta jioni amekaa kituo cha mafuta, viatu mkononi, hajui hata mtaa tunaokaa unaitwaje. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nilifunga geti la mlango wetu na kuondoka na ufunguo. Miaka saba. Wala sikuona ajabu. Wenzangu wengi wanawafungia watoto wao hivyo hivyo, kwa kuuogopa mji huu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta anachambua mchele kwenye sinia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umewahi leo."

"Nimepigiwa simu kutoka Observatory."

Hakuinua uso. Akatoa chuya moja, akaiweka pembeni. "Kumbe wamekwishapiga. Mimi nilidhani watangoja Jumatatu."

"Umetokaje humu ndani?"

"Kwa mlango."

"Mama!"

"Jirani ana ufunguo. Ule wa akiba, wa kwenye droo. Nilimpa mimi."

Jirani yetu ni mjane wa Bukavu anayesuka nywele chumbani kwake, mlango unaotazamana na wetu. Nilijua wanasalimiana. Sikujua kwamba tangu majira ya baridi, kila Jumanne na Alhamisi, walikuwa wakiondoka pamoja saa nne na kurudi saa nane, mama ananiwekea chakula mezani, na mimi naingia jioni namwuliza, "Umeshindaje?" naye ananijibu, "Salama, nimekaa tu."

Alinionyesha daftari. Lilikuwa limejaa maandishi ya herufi za Kiarabu, alizojifunza chuoni, kwenye madrasa, akiwa mtoto. Kiswahili kitupu, lakini ningelifungua siku yoyote nisingeweza kulisoma. Majengo yote aliyosikia habari zake yalikuwa humo: ngazi ngapi, maji yakikatwa kuna tangi au hakuna, majirani ni watu wa namna gani, msikiti uko mbali kiasi gani.

"Na kodi?"

"Mdogo wako atalipa. Kile anachonitumia kinatosha."

Mdogo wangu yuko Durban. Na yeye alijua! Nilikaa kwenye kiti. Nikamwambia watu watasema nimemtoa kwao nikaja kumtupa ugenini. Nikamwambia kwetu mzee hapelekwi kwenye jengo la wazee wakati ana mtoto wa kumzaa. Nilisema mengi, na kwa sauti kubwa, mambo ambayo leo nisingependa kuyarudia.

Mama alisubiri nimalize. "Hakuna aliyenitupa," akasema. "Naondoka mwenyewe, kwa miguu yangu, ikingali inatembea."

Niliomba ruhusa kazini Alhamisi. Nakiri sikwenda kumsaidia kuchagua, nilikwenda kumharibia. Nikashauri tuanze na majengo mawili ambayo alikuwa ameyasikia tu, hajayaona, kwa sababu nilitumaini yatamkatisha tamaa na la Observatory tusilifikie. Jirani alifunga chumba chake, akavaa kitenge kizuri, tukaenda watatu.

La kwanza lilikuwa mtaa wa La Rochelle, jengo la ghorofa tatu lililopakwa rangi mpya. Msimamizi alituonyesha chumba cha chini, kisafi, dirisha linatazama barabara. Nikaona mambo yanaharibika, maana chumba kilipendeza. Mama alitandika mswala wake katikati ya kitanda na kabati, akasujudu, akaona kichwa hakigongi popote. Kisha akauliza: "Hiki ndicho kilicho wazi?"

"Hiki ni cha kuonyesha," msimamizi akasema. "Kilicho wazi kiko juu kabisa."

"Na lifti?"

"Inatengenezwa."

Tulipotoka nje tukaona kikapu kinashuka ukutani kwa kamba. Juu, dirisha la ghorofa ya tatu, mzee wa kizungu mwenye fulana alikuwa anaishikilia ile kamba kwa mikono miwili. Mwanamke wa spaza akavuka barabara, akatia mkate na maziwa ndani ya kikapu, akampungia mkono, kikapu kikapanda.

Mama akamwuliza yule mwanamke kwa Kizulu, na hilo nalo lilinishtua, maana sikujua ana Kizulu zaidi ya salamu. Akanitafsiria: mzee ana magoti mabovu. Tangu lifti ilipokufa hajakanyaga ardhi. Lifti ilikufa msimu wa mvua uliopita, na mvua za mwaka huu zilikuwa zimekwisha kuanza.

"Eish," jirani akasema, akashika mdomo.

Mama aliandika mstari mmoja kwenye daftari. Tukapanda teksi.

La pili lilikuwa karibu na katikati ya mji. Kule lifti ilifanya kazi, kulikuwa na tangi la maji juu ya paa, na bafuni kulikuwa na vyuma vya kushikia na kamba nyekundu ya kuvuta ukianguka. Mama aliivuta bila kuuliza. Msimamizi, mwanamume mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuja mbio, akacheka, akasema wazee wote wangekuwa hivi kazi yake ingekuwa nyepesi. Kisha akatupeleka kwenye fleti itakayokuwa wazi mwisho wa mwezi. Akabisha mara moja, akafungua.

Ndani kulikuwa na mtu. Bibi mmoja, mkubwa kuliko mama, amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa koti na kofia ya sufu, mkoba magotini. Hakutugeukia. Ukutani zilikuwapo picha za watoto wenye majoho ya kuhitimu. Msimamizi akaendelea kusema juu ya kichwa chake: hapa jiko, hapa kabati, dirisha linapata jua la asubuhi.

"Samahani," nikasema, "huyu bibi je?"

"Anahama. Mwezi uliopita aliacha sufuria motoni mara mbili. Hizi ni fleti za wanaojitegemea. Ukishindwa kujitegemea, unatoka. Iko kwenye mkataba."

Alisema bila ukali. Ndicho kilichonishtua zaidi, kwamba hakuwa na ukali wowote.

Mama alikwenda akakaa kitandani kando ya yule bibi. Wakazungumza kwa Kizulu, chini chini. Nilimwona mama akimfunga kifungo cha koti kilichokuwa kimeachwa. Tulipotoka nikamwuliza walisema nini.

"Nimemwuliza anahamia wapi. Amesema bado hawajamwambia."

Nilijua huo ndio wakati wangu. Tulikuwa tumesimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, tukingoja kuvuka, nikaanza: "Mama, umeona mwenyewe. Umeona wanavyowafanyia watu. Kwangu hakuna mtu wa kukutoa. Kwangu uko salama."

Jirani alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. "Dada," akasema, "ile siku ya moshi, mama hakukuambiaka?"

"Moshi gani?"

"Acha," mama akasema.

"Hapana, mama. Ajue." Taa ikageuka kijani, watu wakatupita, sisi tukabaki pale pale. "Moto ya ghorofa ya chini. Wakati wa baridi. Moshi ilipanda ngazi yote, batu bote balikimbia. Mimi nilitoka na mtoto wa mteja mugongoni. Nikasikia mama anapiga ile geti na kijiko. Alikuwa ndani. Ufunguo uko kwako, kazini."

Niliikumbuka ile siku. Nilirudi nikakuta ukuta wa ngazi umeingia weusi na harufu imejaa nyumba nzima. Mama aliniambia mtu ameunguza maharage.

"Nikapeana mtoto kwa mamake," jirani akaendelea, "nikarudi juu. Nilivuta geti, haikutoka. Mama ananiambia, nenda, mwanangu, wewe una watoto. Nikakataa. Nililoanisha kitambaa, yeye akaloanisha kanga yake, tukakaa chini, mimi huku, yeye kule, nikamushika mukono kati ya vyuma. Tukaanza kuomba. Yeye ya kwake, mimi ya kwangu. Mpaka bakazima."

Kulikuwa na ukuta mfupi wa duka la matairi. Nikakaa juu yake, mbele za watu. Nikamwuliza mama kwa nini hakuniambia. Akasimama mbele yangu, akanifuta jasho kwa ncha ya mtandio.

"Ungeacha kazi," akasema. "Nakujua. Ungeacha kazi ukakaa kunilinda, tukafa njaa wote wawili. Ndiyo maana nikapekua droo zako mpaka nikaupata ule ufunguo wa akiba, nikatafuta fleti."

Nilitaka aseme amenisamehe. Alisema tuwahi, Observatory hawapokei wageni baada ya saa tisa.

Jengo la Observatory liko ubavuni mwa kilima, la matofali, la zamani, na bustani yake haikufyekwa vizuri. Yule mwanamke wa kwenye simu alikuwa na nywele nyeupe na kandambili. Niliona rangi iliyobanduka kwenye korido, niliona dirisha moja limezibwa kwa kadibodi. Ningekuwa mimi ningeondoka. Lakini mama hakutazama rangi. Alishika bomba, akahesabu maji moto yanachukua muda gani kufika. Aliuliza kama umeme ukikatwa usiku kuna taa ya ngazi. Alimwacha mwenyeji wetu akiongea na mimi, akaenda chumba cha kufulia, akakaa na wanawake wawili waliokuwa wanakunja mashuka, nikasikia wanacheka.

Aliporudi, akauliza swali ambalo nadhani alilibeba kutoka kule kwa bibi wa koti. Aliniomba nilitafsiri vizuri, nisilipunguze.

"Siku nikishindwa kupika, siku nikishindwa kuoga, mtanipeleka wapi?"

Yule mwanamke alivua miwani. "Kuna vyumba sita chini vyenye muuguzi," akasema. "Ukishindwa, utashuka huko. Kama vimejaa, tutamwita binti yako, na mtangoja zamu. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Nilidhani jibu hilo litamvunja moyo. Mama akaniambia, "Huyu hajanidanganya," akaomba kalamu.

Alihama baada ya wiki tatu. Barua ya daktari ilipatikana, kibali chake cha kuishi kikapigwa kopi, mdogo wangu akaja kutoka Durban kubeba kitanda, na hatukusemezana naye mpaka kabati lilipokwama kwenye ngazi tukalazimika. Shangazi alipiga simu kutoka Tanga akilia, akaniuliza nimemweka wapi mke wa kaka yake. Mama akaninyang'anya simu. "Wifi," akasema, "acha kulia, nina jiko langu." Kisha akamweleza habari za bomba na maji moto, kwa kirefu.

Mimi nilibaki Troyeville. Wiki ya kwanza nilipika chakula cha watu wawili kila jioni. Mkono ulikuwa umezoea.

Jumapili niliyokwenda kumtembelea mara ya kwanza nilibeba sufuria ya pilau niliyoifunga kwa kitambaa. Mlinzi alinipa kitabu cha wageni, nikaandika jina langu, na pale palipoulizwa uhusiano nikaandika "mtoto." Akapiga simu juu. Akasikiliza, akatabasamu, akaweka mkono kwenye kipaza sauti.

"Anasema usubiri kidogo. Ana wageni."

Tangu nizaliwe, mama hajawahi kuniambia nisubiri. Nilikaa kwenye benchi la korido, sufuria magotini, ingali moto, nikasubiri.