Mafundo Kumi na Manne

Nianze na upumbavu wenyewe, msije mkasema nimewaficha. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu niliongeza wiki mbili kwenye likizo. Si likizo yangu peke yangu, ni ya shule nzima, na kwa jinsi nilivyoitamka ile tarehe mtu angedhani Gavana amenipigia simu kuniomba ushauri.

Nimekumbushwa jana. Mwalimu mkuu wetu wa sasa alikuwa anagonga muhuri karatasi za kufunga shule, na ile harufu ya wino wa zambarau, kali kama spiriti ya zahanati, ikanifikia nikiwa wa nne kwenye mstari. Nikatoka mstarini mbio. Wenzangu wakadhani ni maharage ya bweni. Nikawaacha wadhani hivyo. Maharage yetu yana makosa mengi, kosa moja zaidi halitayaumiza.

Wakati huo nilikuwa darasa la tano katika shule ya bweni ya misheni, huko chini upande wa Masasi. Kwetu ni Chilangala, juu Newala, mwendo wa siku mbili kwa mguu ukiwa na sanduku kichwani. Siku ya kufunga, Mwalimu mkuu aliandika ubaoni tarehe ya kufungua, kila mtoto akainakili kwenye nusu karatasi, naye akaigonga muhuri. Karatasi ile ndiyo ilikuwa mdomo wa shule. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Lindi. Mama hakujua kusoma. Mjomba hakujua kusoma. Na kitongoji chetu kizima mwanafunzi wa bweni nilikuwa mimi tu. Basi mdomo wa shule ukawa huu wangu, ambao mtu mwenye akili asingeukabidhi hata ufunguo wa banda la kuku.

Tarehe zenyewe zilipangwa mbali, na watu ambao sidhani waliwahi kuuliza mvua inanyesha lini Newala. Likizo ya Krismasi ilitukuta ardhi imeshalowa: unafika nyumbani, Mama anafurahi kukuona, na jembe lililoegemezwa mlangoni linafurahi zaidi. Korosho zikianguka sisi tuko darasani tunaimba majina ya mito ya Ulaya, na akina mama wanaokota peke yao. Na likizo ya kiangazi ilikuwa wiki tano, haizidi hata siku moja.

Wiki tano hizo ndizo zilizokuwa na maneno. Kwetu jando hufanyika kiangazi, chakula kikiwa ghalani na nyasi zimekauka. Zamani, Mjomba alisema, wari, yaani watoto wa jando, walikaa kumbini, kambini kwao porini, miezi mitatu, hata minne. Kidonda kilipona taratibu na mafunzo yaliingia taratibu. Zilipokuja shule, wazee wakakata, ikawa miwili. Wakakata tena. Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyekuwa na kauli juu yetu kama ilivyo kwetu, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa kumbi. Jando letu lilikuwa la Kikristo, Padre alikuja kuwabariki wari, lakini hata Padre hakuweza kukibariki kidonda kipone kwa ratiba. Mwaka uliotangulia Mjomba alikataa kabisa.

"Wiki saba nitaweza, nikibana," alisema. "Wiki tano ni kumrudisha mtoto wa watu na kidonda kibichi. Sitaki."

Mimi nilikuwa nimeshapita. Aliyekuwa anangojewa ni mdogo wangu Stefano, miaka kumi na miwili, darasa la nne shule ya kijiji, mwenye akili kunizidi, jambo lililojulikana na kila mtu isipokuwa mimi. Mwaka huo alikuwa amechaguliwa, peke yake kijijini, kufanya mtihani wa kuingia shuleni kwetu. Mwalimu wake, kabla ya kwenda likizo kwao Chiwata, alimwambia hivi tu: siku mbili baada ya shule ya bweni kufunguliwa, uwe pale. Mtihani ulikuwa mmoja. Mwaka wa pili yake umri wa Stefano ungekuwa umepita.

Nilifika nyumbani jioni, miguu imejaa vumbi jekundu. Mjomba alikuwa kwenye kigoda uani, na mapajani ana kamba ya gome, mpya, haina fundo hata moja. Kamba hiyo ndiyo kalenda ya kumbi. Kila siku fundo, na kila asubuhi linafunguliwa moja, mpaka kamba inyooke.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Haya, shule imetoa ngapi mwaka huu?"

Niliitazama ile kamba. Nisiwadanganye tena leo: mtihani wa Stefano haukunijia akilini hata chembe. Yaliyonijia ni wali, nyama ya mbuzi, ngoma za siku ya kutoka, na kwamba mimi, kwa kuwa nimeshapita, ningepeleka chakula kumbini na kuwatisha wadogo.

"Saba," nikasema.

"Saba?"

"Wiki saba, Mjomba. Imeandikwa."

Mjomba akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba ana meno ya nyuma. "Kumbe Wazungu nao husikia, wakiambiwa," akasema, na akaanza kufunga mafundo, arobaini na tisa, huku Mama akipiga vigelegele akiwa jikoni. Stefano alininyooshea mkono. "Kaka, hebu nione muhuri." Nikamwambia hiyo ni karatasi ya wakubwa. Mama akaichukua, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye sanduku lake pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.

Ya kurudi shuleni sikuyahangaikia. Nilipanga kusema nilipata homa. Homa ni rafiki mzuri, haihojiwi sana.

Wari wakaingia kumbini wiki iliyofuata, kumi na wawili. Mama akaacha kusuka nywele, akaacha kutia chumvi kwenye chakula, kama wafanyavyo akina mama wote wenye wari, mpaka watoto watoke. Mimi nilikula kisamvu kisicho na chumvi na nikathubutu kulalamika. Mambo ya kumbini siyasemi. Nitasema hili moja kwa kuwa si siri ya mtu: kila nilipopeleka chakula, Stefano alikuwa amechora hesabu mchangani kwa kijiti, na aliniomba nimuulize za kuzidisha. "Niulize za kumi na mbili, kaka. Za saba nimezimaliza." Nilimuuliza. Alipata zote. Zingine nilimwambia amekosa, kwa sababu nilikuwa sizijui mimi.

Kwetu juu hakuna maji. Wanawake huteremka genge, ule ukingo mkali wa mlima, alfajiri kuyafuata bondeni, na kuyapandisha ni saa mbili za kuhema. Asubuhi moja, mafundo yakiwa yamebaki kumi na sita, Mama alirudi jua limeshakuwa kali. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokuwa nimekaa nachonga filimbi, akasimama mbele yangu na mtungi bado uko kichwani.

"Agostino. Nimekutana njiani na watoto wawili wa Newala mjini. Wana masanduku."

"Labda wanahama, Mama."

"Wanasema shule inafunguliwa keshokutwa."

"Labda ni shule yao hiyo."

"Wamevaa kaptula kama yako. Wameniuliza, Agostino anaumwa?"

Nilitafuta mzaha mwingine. Mimi sijawahi kukosa mzaha, hata kanisani, lakini pale nilitafuta nikakuta mfuko mtupu. Mama aliutua mtungi bila kuutazama, juu ya kinu kilicholala, ukapinduka. Maji yote ya siku ile yakaenda kwenye mchanga. Hakuinama kuuinua. Aliyaangalia mpaka yakaisha kunywewa na ardhi, na mimi nikamwangalia yeye, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwogopa mtu ambaye hakuwa na fimbo.

Mwenye mwari haendi kumbini. Mama alituma mtu, Mjomba akaja upesi, kamba mkononi, akidhani kuna msiba.

"Mwambie mjomba wako ulichosoma," Mama akasema.

"Ni tano," nikasema.

"Tano nini?"

"Wiki, Mjomba. Hazikuwa saba."

Mjomba akakaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa. Akaishika kamba kwenye ncha ya mwisho na akaanza kufungua. Fundo moja. La pili. Vidole vyake vilikuwa vizito, mafundo mengine yalikuwa yamekaza, akayang'ata kwa meno. Akafungua kumi na manne, na yakabaki mawili. Nilikuwa nangoja kofi. Kofi ningelielewa.

"Kaka," Mama akasema, "mtoe Stefano. Mtoe peke yake. Nitambeba mgongoni."

"Mama Agostino, wako kumi na wawili, wameingia pamoja. Na hata ningekubali kuwavunjia wenzake, watatu hawajapona. Wako ni mmoja wao." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa kama ya mtu anayeuliza njia. "Ungeniambia tano, nisingewaingiza. Angefanya mtihani wake, na la jando tungelitafutia njia mwakani. Ulishindwa kusema tano?"

Niliinama nikauinua mtungi.

Niliondoka saa ile ile na ujumbe wa Mama: nimwombe Mwalimu mkuu amwekee Stefano mtihani mpaka atoke. Nilitembea nikipanga maneno mazuri, na nilipofika nikayasema yote, na kwa mara ya kwanza shuleni pale nikasema na ukweli. Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema karatasi za mtihani zinatoka Lindi zimefungwa kwa lakiri na zinarudi Lindi siku ile ile. Bakora nilipata sita, hizo hazina hadithi.

Siku ya mtihani aliniamuru nibebe madawati kuyatoa nje, chini ya kivuli cha kanisa. Kwenye kila dawati aliandika jina kwa chaki. La kumi na moja lilikuwa la Stefano. Nililiweka mwenyewe, nikalifuta vumbi kwa shati. Watoto wakaja, wakakaa, kengele ikalia, na lile dawati likakaa wazi saa zote tatu, jina lake limeandikwa vizuri, na mimi nimesimama pembeni kama mlinzi wa kaburi. Mpaka pale nilikuwa bado naamini kwamba kuna mtu mzima atakayetokea na kulirekebisha jambo. Hakutokea.

Jioni Mwalimu mkuu akaniita. "Ulitaka wiki mbili," alisema. "Nenda ukazimalize." Bweni zima likacheka. Ulikuwa mzaha mzuri kuliko yangu yote, na nilipanda genge nikiwa nao kichwani badala ya sanduku.

Kwa hiyo siku ya kutoka nilikuwapo, kama nilivyotaka. Wali ulikuwapo, nyama ya mbuzi ilikuwapo, ngoma zililia mpaka vumbi likasimama kama ukuta. Sikumeza kitu. Wari walitoka kwa mstari, wamepakwa mafuta, wamevaa nguo mpya, macho chini. Stefano alikuwa amerefuka. Alikuwa ameambiwa tayari. Alinisalimia kwa heshima kama anavyotakiwa mwari kumsalimia kaka yake, kisha akaniuliza polepole:

"Waliuliza nini kwenye hesabu?"

Nikamwambia za kuzidisha.

"Za kumi na mbili?"

"Na za kumi na mbili."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa kwamba njia aliyoikisia ndiyo yenyewe.

Leo mimi niko darasa la kumi na Stefano analima na Mjomba. Yeye ndiye anayefunga mafundo ya kamba sasa, na hakosei. Mimi nilidhani tarehe ni kitu cha kusema tu, kama salamu. Nimekuja kuelewa baadaye, nikiwa mbali na nyumbani na ninaona kila muhula karatasi zinavyogongwa muhuri, kwamba wale wazee wasiojua kusoma walikuwa wakizisoma tarehe zile kuliko sisi. Kila shule ilipovuta, walikata kipande cha kwao: miezi mitatu, miwili, wiki saba. Saba ndiyo ilikuwa kipande cha mwisho, na Mjomba alikuwa amekishika kwa mikono miwili akingoja mtu amwambie kweli. Waliopanga wiki tano hawakuiona kamba ile. Mimi niliiona.

Lakini siku zile Mama alikuwa hajasema nami tangu siku ya mtungi. Asubuhi iliyofuata ngoma, nywele zake zimesukwa upya na chumvi imerudi kwenye kisamvu, aliniita ndani. Alifungua sanduku, akaitoa ile karatasi kutoka kwenye vyeti vya ubatizo, akaikunjua mara nne, akaiweka juu ya goti langu, akakaa karibu yangu kwenye mkeka.

"Nionyeshe mahali ulipodanganya," alisema. "Hapo ndipo nitakapoanza kujifunza kusoma."