Kamusi Yangu na Telefone ya Mama Mudogo

Watu wakiniuliza nilijifunzaje Kijapani nikiwa Goma, najibu kwa kifupi na kugeuza mazungumzo. Nikisimulia yote, najichukia.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma Japani. Kamusi ya karatasi haikuwapo mjini, na kuiagiza kutoka mbali hatukuwa na uwezo. Rafiki yangu mmoja, mchuuzi wa mpakani, akaniletea kimashini cha michezo ya watoto, cha mitumba, chenye vioo viwili. Ndani mulikuwa na kadi ya kamusi ya Kijapani. Unachora herufi kiooni kwa kijiti, maana yake inatokea kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha kuombaomba. Lakini bei ilikuwa ya kitu cha kuchezea. Nilikipenda mno, nikawa nakilaza chini ya mto. Pumbavu!

Tulikaa katika nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, palepale lava ilipokula nyumba yetu ya kwanza nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Kisha waasi wakashuka kutoka Rutshuru, umeme ukakatika mji mzima. Mama mudogo, yaani mdogo wake mama, akatufikia kwa miguu kutoka Kalengera, mtoto mchanga mgongoni. Bwana yake na watoto wawili wakubwa kuliko huyo walikuwa wamepotezana naye njiani, katika msukumano wa wakimbizi. Nyumba yetu hawakuijua. Walichokuwa nacho ni namba ya telefone yake, na telefone yenyewe ilikuwa imezima.

Tulikuwa tunachajisha kwa muzee mmoja wa mtaa wa Katindo mwenye jenereta. Mafuta yalikuwa haba, basi akaweka sheria: nyumba moja, kitu kimoja kwa siku. Hakuna kubishana.

"Mutoto wangu, peleka hii telefone," mama mudogo aliniambia. "Papa ya batoto atapiga tu."

Nikafika kwa muzee, telefone mkononi, kimashini mfukoni, nacho kimezima tangu juzi. Mtihani wangu wa Kijapani ulikuwa wiki ile. Nikatoa kimashini.

Muzee akakigeuzageuza. "Hii si ya kuchezea ya batoto?"

"Ni ya masomo, papa."

Nikakaa juu ya bidoni tupu ya mafuta kungoja kijae. Mshenzi mimi, nilikuwa hata nafurahi!

Nyumbani nikasema, "Nafasi zilijaa, mama mudogo. Kesho."

"Haizuru, mwanangu. Ulijaribu."

Mchana kutwa nikachora herufi, naye akinyonyesha pembeni yangu, asijue kwamba nacho kinakula umeme, akiniuliza hii inaitwaje, na ile je. Nilimjibu kwa madaha, kama mwalimu.

Kesho yake nikaichajisha telefone. Ilipowaka tu, meseji ya jana ikaingia: tuko kambi ya Kanyaruchinya, mutoto mudogo anahara, hatuna chakula, tunakungoja mpaka asubuhi, usipokuja tunarudi Kalengera. Nilikimbia nayo nyumbani, na tukatoka mbio mimi na yeye. Kambini tulikuta majivu ya moto wao na jirani mmoja aliyetuambia kwamba wameondoka alfajiri. Mama mudogo akakaa chini palepale kwenye majivu. Mimi nilisimama, kimashini mfukoni.

Vita vilipotulia, bwana yake alishuka Goma na mtoto mmoja. Yule mdogo aliyekuwa anahara alikuwa amefia njiani.

Mtihani nilishinda, tena vizuri. Siku ya kuondoka familia ilikusanyika kuniombea, kama desturi yetu: kila mkubwa anakushika mikono na kusema neno mbele ya Mungu. Mama mudogo akaja wa mwisho, akaishika yangu yote miwili. Nilijaribu kuivuta, naye hakuiachilia.

"Mungu, bariki hii mikono," akasema, "sababu wakati wa vita ilitembeaka na telefone yangu."

Nikaitikia Amina, kwa sauti, watu wote wakasikia.