Nilifuta Uso wa Mama kwa Ncha ya Kitenge

Nilimfuta mama yangu! Kwa mate yangu mwenyewe nilifuta uso wake kwenye picha, nikabaki nimeshika mwili usio na sura. Ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa. Sina wa kumweleza, ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Nimeishia darasa la tatu, mwandiko mnivumilie.

Sisi ni Wanyaturu. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye shamba kubwa huku Karatu. Kambi ya vibarua iliungua nikiwa mtoto wa mgongoni. Walikufa wote wa kwetu, nikatolewa mimi tu. Sura ya mama sikuijua. Aliyenilea ni Yustina, Mwiraqw wa Endamarariek, aliyekuwa akichuma kahawa na mama. Namwita mama mdogo. Mwingine sina.

Juzijuzi maktaba moja ya utafiti ikapitisha gari la matangazo: wananchi njooni, mshike historia kwa mikono yenu! Makaratasi na picha za mashamba ya zamani. Tukaenda, mimi na mama mdogo, tukakuta na watu wengine.

Msimamizi, Elisante, akatufungulia boksi. "Shikeni, akina mama, msiogope. Hivi ni vyenu!" Kisha akatoka kwenda kupiga picha na wageni wake. Hakutuambia neno jingine. Hata moja!

Mama mdogo akavuta picha moja, akacheka. "We! Si Salome huyu, mama yako? Ona alivyotoa shingo! Alikuwa anaringa huyu, acha tu. Na hicho kifurushi mgongoni ni wewe."

Nikaichukua picha. Usoni pa mama palikuwa na vumbi jekundu na ukungu, macho hayaonekani vizuri. Mama mdogo akaenda chooni. Mimi nikafanya kama unavyomfanyia mtoto mwenye uso mchafu: nikalowesha ncha ya kitenge kwa mate, nikasugua taratibu. Vumbi likatoka. Nikasugua tena nimwone macho.

Jamani! Uso wote ukaja na kitenge.

Hilo lilikuwa kosa la ujinga. La dhambi ni hili: niliirudisha picha kwenye boksi, nikanyamaza.

Mama mdogo akarudi, na Elisante nyuma yake. Elisante akaiona picha ilivyofutika, akamgeukia mama mdogo. "Bibi, nilipochungulia mlangoni, si wewe uliyekuwa umeishika hii?"

"Niliiacha nzima, baba."

"Sasa nani? Shetani?"

Watu wakacheka. Mama mdogo akanitazama. Akanisubiri. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Alitolewa nje mbele za watu, mtu mzima yule! Na hakunitaja. Tangu siku hiyo hatuongei. Nikifika kwake, anaingia ndani na kufunga mlango, nasikia anavyokohoa nyuma ya mbao. Sikukuu nilipika wali, nikapakua sahani mbili kwa mazoea. Nikala moja. Ile nyingine ililala mezani.

Ninyi mnaoitwa kushika vitu vya kale, ulizeni kwanza vinashikwaje. Na ukiharibu, sema palepale, kabla hajalaumiwa mwingine!

Mama mdogo hakufuta ile picha. Ni mimi.

Na wewe Elisante, ujibu. Ulituita tushike, ulituonyesha saa ngapi namna ya kushika? Mbona ulimfukuza yeye, mimi niliyekuwa nimekaa na boksi hukuniuliza? Uende Endamarariek ukamwombe radhi, na wale waliocheka uende nao. Mimi nitakuwa nimeshapiga magoti mlangoni kwake, afungue asifungue.

Wewe unakuja lini?