Msusi wa Kamakis na Kichwa cha Wamboi

Syokau amesuka watu nywele mtaani Kamakis kwa miaka kumi na minne, na hata asipokuwa na mteja mikono yake haitulii. Utamkuta akipanga upya vitana alivyovipanga asubuhi.

Jumamosi moja, wanafunzi wakiwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, Waceke alimletea binti yake, Wamboi. Waceke huuza nguo sokoni Thika na anaishi Ngoingwa, lakini alimzoea Syokau tangu alipokuwa amepanga nyumba Kamakis.

"Msuke matuta ya shule," alisema. "Mimi naingia supamaketi kidogo."

Wamboi, miaka kumi na mitano, alikuwa ameanza gredi ya kumi katika shule ya bweni. Alikaa kitini na kofia yake. Syokau alipoivua, aliona utosini mahali peupe penye ukubwa wa kifuniko cha chupa. Hayakuwa mapunye. Nywele zilikuwa zimeng'olewa.

"Nani amekufanya hivi?"

"Ni mimi, anti. Nikianza kuwaza masomo vidole vinaenda vyenyewe. Nikishtuka, nimeshang'oa."

"Mama anajua?"

"Anajua nilikuwa namba mbili shule ya zamani, na huku ni wa thelathini na moja. Hayo ndiyo tunaongea. Tafadhali usimwambie."

Syokau akasuka. Alipitisha matuta juu ya pale, bila kuyakaza, hadi pakafichika. Waceke aliporudi akaisifu kazi, na Syokau akapokea malipo yake.

Kesho yake kanisani alitoka nje mara tatu. Mara ya nne hakurudi ndani. Alienda moja kwa moja hadi Ngoingwa, akamkuta Waceke anaanua nguo na Wamboi anapakia sanduku.

"Mama Wamboi, jana nilikuficha kitu. Kiko utosini mwake, chini ya matuta."

Wamboi alimtazama kama mtu aliyeibiwa. "Nilikuomba usiseme."

"Uliniomba. Nimejaribu, nimeshindwa."

Waceke alimkalisha binti yake kwenye ngazi akaanza kufumua matuta kwa hasira. "Umekosa nini kwangu? Niambie, umekosa nini?" Alipofika utosini akapaona pale peupe. Akaweka kiganja pale, akakiacha.

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili ya muhula."

"Na hukuniambia?"

"Ukipiga simu unauliza nimekuwa namba ngapi. Nikishajibu, unakata."

Jumatatu Waceke hakufungua kibanda. Alimpeleka Wamboi hospitalini Thika, wakaonana na mshauri, kisha wakaendelea kwenda kila wiki kwa ruhusa ya shule. Muhula wa pili Wamboi alihamia shule ya kutwa karibu na nyumbani. Waceke bado huanza kuuliza habari za alama, kisha hujikatiza katikati ya sentensi na kuuliza kitu kingine, mara nyingi kitu cha ovyo tu, kama vile shuleni walipikiwa nini.

Kwa Syokau, Wamboi hakukanyaga hadi Agosti. Alikuja peke yake, nywele zimeota nusu, akasema wakati wa mitihani vidole bado vinamsumbua.

"Nilikukasirikia sana, anti."

"Najua."

"Bado nimekukasirikia kidogo."

"Sawa," Syokau alisema, akaenda kupasha maji ya kumwosha kichwa.