Sindano, Msasa na Silinda Hedi ya Shangazi

Watu wa hapa Kiabakari hushangaa kuona meza yangu ya kazi ina vifaa vichache. Wanategemea kwamba mtu aliyekaa Durban miaka kumi na mmoja, akarudi na diploma ya ufundi wa magari na gari lake mwenyewe, atakuwa na vyuma vimejaa ukuta mzima. Nawaambia vilivyopo vinatosha, kwa sababu najua kazi ya kila kimoja. Hakuna aliyenipa. Mchana nilikuwa naosha magari ya watu, jioni naingia darasani, na kila kifaa nilikinunua mwenyewe. Lakini vile vya kuchongea silinda hedi nilivichagua kwa ajili ya mtu mmoja wa Musoma ambaye sijamsamehe.

Ni fundi mwenye gereji ya siku nyingi pale mjini. Nilipomaliza kidato cha nne mama alinitoa Butiama akanipeleka kwake kuniombea nafasi ya kujifunza. Alibeba jogoo, maana huendi kwa mtu mzima kuomba jambo mikono mitupu. Fundi alimpokea jogoo, akamkabidhi mkewe. Kisha akanishika viganja, akavigeuza mbele ya wateja.

"Mama, hivi ni vya kukamulia ng'ombe," alisema. "Mrudishe machungani."

Wateja walicheka. Mama naye alicheka kidogo, kwa adabu, asionekane amekasirika kwenye kiwanja cha mtu. Ni kicheko hicho cha mama nilichoondoka nacho hadi Durban.

Mwaka jana, miezi michache baada ya kurudi, shangazi yangu alikuja na pikapu yake. Ni dada wa baba, anafanya biashara ya samaki Kibara, na pikapu hiyo ndiyo inayomlisha. Niliisikia ikikohoa kabla sijaiona.

"Baba, nimeambiwa injini imekufa," alisema. "Niiuze kwa kilo."

"Nani kasema?"

Akamtaja fundi yule yule.

"Aliwahi kuifungua?"

"Mwaka juzi. Alisema anapanua matundu ya hewa ili ipate nguvu. Tangu hapo nikipakia, kwenye mwinuko tunashukaga tunasukuma. Mimi na samaki wangu."

Nilifungua injini siku hiyo hiyo nikatoa silinda hedi, kile kipande cha juu chenye valvu na matundu ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Nilipochungulia matundu ya hewa nilikuta alama za patasi. Alikuwa amechonga kama mtu anayechonga mwiko. Nilinunua sindano kubwa duka la dawa, nikajaza kila tundu mafuta ya taa, nikisoma limechukua kiasi gani. Muuza dawa alikuwa ameniuliza mgonjwa ni nani, nikamjibu ni injini. Matundu yote manne yalitofautiana, na la pili lilizidi yote kwa mbali. Kila silinda ilikuwa inavuta hewa ya kwake.

Dawa ilikuwa kuyakuza yale matatu yalikaribie lile kubwa, na kulainisha ngazi alizoacha. Hatari ni kwamba nyuma ya ukuta wa tundu hupita maji ya kupoza injini. Ukitoboa, hedi imekwisha, na shangazi hana gari. Na yule mtu angekuwa amesema kweli, kuhusu injini na kuhusu mimi.

Nilihitaji kujua unene wa ule ukuta, na njia ni moja tu: kupata hedi mbovu ya aina hiyo hiyo na kuikata. Nilikuwa nimeiona moja, kwenye lundo la chakavu la gereji yake. Nilikwenda.

"Mura, umerudi," alisema, kwa lile neno letu la kumwita kijana. "Nasikia una vyeti."

"Ninavyo, mzee."

"Hivyo vyeti vinafunguaga boliti namba ngapi?"

Wateja wakacheka. Hawakuwa wale wa zamani, lakini walicheka vile vile. Nikamwambia nataka ile hedi iliyopasuka.

"Unafanyia nini? Jiko la mkaa?"

"Naikata vipande."

"Chukua bure. Asiyejua kufunga mwache akate."

Nilimshukuru, nikaibeba begani mpaka kwenye gari.

Nyumbani niliikata kwa msumeno wa chuma, tundu baada ya tundu, nikapima kuta zake kwa venia, kile kipimo cha kusoma hadi sehemu za milimita. Sehemu kubwa ilikuwa nene ya kutosha, ila kwenye kona ya ndani, karibu na valvu, ukuta haukufika milimita nne. Vipande hivyo ndivyo vilivyonichagulia vifaa. Grenda kubwa ya kukatia nondo niliiweka kando, maana haiingii kwenye kona na haina huruma. Drili yenye jiwe nayo niliiacha, kwa kuwa aluminiamu hunata kwenye jiwe kama ugali kwenye sufuria. Nilibaki na grenda ndogo yenye shingo ndefu, inayoweza kupunguzwa kasi, na kichwa cha kukatia chenye mifereji mipana, nikikichovya kwenye mafuta ya taa. Kwa kumalizia nilipasua ncha ya ufito wa chuma nikapachika msasa. Valvu mbili kuukuu nilizichomeka mahali pake ili nisikwaruze vikalio, pale valvu zinapokaa zikifunga.

Yale matatu yalikwenda vizuri. Nilipofika la pili, lile lake, nilitaka kulifuta kabisa. Nilitaka kila alama ya patasi yake iondoke na ukuta ung'ae kama kioo, ingawa chuoni nilifundishwa kwamba njia ya hewa haing'arishwi hivyo, petroli hunata ukutani. Grenda ilikuwa inazunguka ndani ya kona. Nilijiambia milimita moja tu. Halafu nikaizima nikapima upana. Nikilinganisha na vile vipande, ukuta uliobaki haukuzidi milimita mbili na nusu. Milimita yangu moja ilikuwa ya hasira.

Nilimalizia kwa msasa, kwa mkono. Alama mbili za patasi nikaziacha zilipo, na tundu lake likabaki kubwa kidogo kuliko yangu. Hilo liliniuma.

Shangazi alikuwepo siku ya kupima. Niliziba njia zote za maji kwa vipande vya mpira isipokuwa moja, nikaunganisha pampu ya baiskeli, tukaizamisha hedi kwenye pipa lililojaa maji. Nikapampu. Tulilikodolea macho tundu la pili, maana kama ukuta umetoboka viputo vingetokea hapo. Kiputo kimoja kikapanda.

"Hicho nini?" shangazi aliuliza.

Nikapampu tena. Hakikufuata kingine. Kilikuwa hewa iliyojificha kwenye mkunjo wa mpira. Shangazi aliketi chini, akapanga kanga yake magotini.

Wiki hiyo hiyo tulipakia samaki Kibara. Hadi Bunda hakushuka mtu. Shangazi akasema tufike nao Musoma, na tupite kwenye gereji ile.

Fundi alisikiliza injini, akafungua boneti mwenyewe.

"Umemnunulia hedi nyingine."

"Ni ile ile uliyoichonga, mzee. Tundu la pili ulilizidisha. Kidogo utoboe."

Nilisema kwa sauti, wateja wasikie. Akafunga boneti. Shangazi alimwambia, "Nawe ulisema niiuze kwa kilo." Tulipokuwa tunaondoka fundi alinisogelea dirishani.

"Ile kona ya ndani uliifikia na nini?" aliuliza polepole.

"Na kifaa," nikasema, nikaondoa gari.

Mwezi uliofuata dereva mmoja wa Musoma alileta hedi Kiabakari. Hakusema imetoka kwa nani, na sikumuuliza. Patasi ile niliijua. Niliifanyia kazi siku mbili, safi kuliko zote nilizowahi kufanya, kwa sababu kazi mbovu ingempa la kusema. Pembeni ya kila tundu niligonga alama yangu kwa nyundo, mahali ambapo fundi anayeifunga lazima aione. Nikamwambia dereva amfikishie aliyemtuma kwamba zote alizozichonga nitazipokea, ila inayofuata ailete mwenyewe, asubuhi, wakati wateja wangu wapo.