Jina Lililoandikwa Ngaramtoni

Sironka alikuwa na miaka kumi na tisa na hasira za mtu wa miaka sitini. Alizaliwa Elerai, katika ukoo wa wahunzi, ambao Waarusha wenzao waliwaita ilkunono, na hawakulitamka neno hilo bila kukunja pua. Baba yake, Meitamei, alifua mikuki, majembe na visu vya nusu ya nchi hii ya chini ya Meru. Mtu akija kuchukua mkuki wake, kwanza alijipaka mafuta ya kondoo viganjani, kwa sababu chuma kilichotoka mikononi mwa mhunzi kilihesabiwa kuwa na uchafu. Alijipaka palepale, Meitamei akimtazama, kisha akaondoka. "Haya, mhunzi, tutaonana." Jina la mzee wa watu hakulitaja. Kinyaa gani hicho kinachokuruhusu kukata nyama kwa kisu cha mtu lakini kinakukataza kumwita jina lake?

Wadachi walipofungua shule ya ufundi karibu na boma lao hapo Arusha, hawakuuliza ukoo. Walitaka mikono tu. Sironka akaingia, na mwaka wa pili ulipoisha hakuna aliyemkaribia katika kazi ya chuma. Wakati wa kula pia hakuna aliyemkaribia.

Mwaka 1913 Mdachi mkuu wa shule akatangaza safari. Wanafunzi sita wangevuka mpaka kwenda Nairobi kwa Waingereza, wakaone karakana ya garimoshi, mashine za kupasulia mbao na mtambo wa umeme. Mmoja wao angeachwa karakanani miaka miwili ajifunze uhunzi wa kizungu. Barua ya kumtambulisha ilikuwa tayari, ila nafasi ya jina iliachwa wazi. Homa ilimlaza Mdachi siku ya kuondoka, basi akamkabidhi barua Mwalimu Jabiri, mtu wa Tanga, akamwagiza ajaze jina hukohuko, baada ya kuona nani anafaa. Sironka hakuwahi kutaka kitu duniani kama alivyoitaka nafasi ile.

Siku ya kwanza walilala Ngaramtoni, kwa kina Lemburis, mwanafunzi mwenzao, ambaye baba yake alikuwa jumbe aliyewekwa na Wadachi. Mwalimu alikaribishwa ndani kwa maziwa na mbavu za kondoo. Sironka alipewa sehemu yake juu ya jani la mgomba, nje ya ua. Alikuwa bado anatafuna alipomwona Mwalimu, kupitia upenyo wa ua, akichovya kalamu, akiandika kwenye ile barua, kisha akipuliza wino ukauke huku jumbe akitabasamu. Nairobi yenyewe hawajaiona hata moshi wake!

Kesho yake, njiani, alimsogelea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Barua umeshaijaza?"

Mwalimu Jabiri aliongeza mwendo. "Sironka, mwanangu, usinitie majaribuni. Jumbe akiwatoa shuleni watoto wake na wa jirani zake, nitamfundisha nani? Wewe peke yako?"

"Mdachi alisema anayefaa."

"Mdachi ana kwao. Mimi nitabaki hapa na jumbe."

Angalau hakudanganya. Sironka alitembea na maneno hayo siku zote zile, kupita Longido, kupita nyika isiyo na maji, na kila alipoyakumbuka yalimchoma upya. Hata walipolipanda garimoshi, wenzake wakipiga kelele kwa furaha, yeye alitazama nje amenuna.

Nairobi walionyeshwa taa zinazowaka bila mafuta na misumeno inayokula gogo zima kabla hujamaliza kusalimia. Siku ya tatu wakapelekwa karakanani. Humo Sironka akasahau hata kununa. Kulikuwa na nyundo ya mvuke yenye uzito wa ng'ombe kadhaa, ikishuka juu ya chuma chekundu na kukibonyeza kama ugali. Na walioiendesha walikuwa wahunzi! Wahunzi wanaosalimiwa, wenye majina, wanaokula chakula pamoja na watu wengine.

Mkubwa wao alikuwa Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba mwenye ndevu hadi kifuani. Aliweka kipande cha chuma chekundu juu ya fuawe, akashika nyundo ya mkono, akawaambia wageni, "Nani ataanza? Nataka ndoano moja tu."

Mwalimu akamsukuma Lemburis mbele. Lemburis aliitazama nyundo, akawatazama wahunzi waliomzunguka pande zote, uso ukamparama. Akarudi kwenye mkoba wake, akatoa kibuyu cha mafuta ya kondoo, akajipaka viganja vyote viwili kama walivyofanya kwao tangu mababu. Kalasinga alidhani ni dua, akangoja kwa heshima. Lemburis akainua nyundo. Nyundo ikamponyoka, ikaruka juu ya vichwa vya watu na kupasua kioo cha dirisha.

"Ni huyu!" Lemburis alifoka, akimnyooshea Sironka kidole kinachometameta mafuta. "Mhunzi huyu kasimama nyuma yangu! Ndiye aliyeniharibia mkono!"

Na wale wanne wengine wakatikisa vichwa kukubali. Wamevuka mpaka, wamepanda garimoshi, wameona umeme, na bado wanatikisa vichwa! Sironka alihisi damu ikimpanda hadi machoni. Aliifuata nyundo, akaufuta mpini kwa shuka lake, akarudisha chuma motoni, akangoja rangi anayoitaka, kisha akapiga. Alipiga kwa hasira ya mikuki yote ya baba yake. Ndoano ikatoka safi, imejikunja sawasawa.

Kalasinga aliigeuza kwa koleo, akacheka. "Namtaka huyu. Leteni barua." Akaisoma polepole. "Lemburis. Wewe ndiye Lemburis?"

Mwalimu Jabiri alikuwa mwepesi. Aliweka mkono begani kwa Sironka. "Ndiye," akasema, kisha akamnong'oneza, "Itika, mwanangu. Utajifunza kazi yako. Mwenzako atakaa kwa mjomba wake Longido, jumbe atajua mwanawe yuko Nairobi, cheti kitatoka kwa jina lake, na kila mtu ataridhika."

Lemburis naye akatikisa kichwa haraka haraka. Safari nzima hakuwahi kukubaliana na Sironka katika jambo lolote isipokuwa hilo.

Sironka aliitazama ile nyundo kubwa ya mvuke. Kisha akautoa mkono wa Mwalimu begani.

"Mimi ni Sironka, mwana wa Meitamei, mhunzi wa Elerai," akasema kwa sauti, karakana nzima isikie. "Lemburis ni yule mwenye mafuta mikononi."

Kalasinga alitazama barua, akamtazama yeye, akasikitika kweli. Jina hilo halikuwemo, na mkubwa wake Mwingereza hakupokea mtu bila barua. Kesho yake wote sita walianza safari ya kurudi.

Meitamei alisikiliza habari yote akiwa ameketi mbele ya moto wake. Ilipofika mwisho, akarusha koleo chini.

"Mpumbavu wewe! Ungeitika! Nimefua mikuki ya nchi nzima, hakuna aliyewahi kuniuliza jina, na sijafa. Jina limewahi kunipa nini mimi?"

"Hakuna, baba," Sironka alisema, naye sauti imempanda. "Hakuna aliyewahi kulitaja. Ndiyo maana nimelitaja mimi, mbele ya Wahindi na watoto wa jumbe."

Mzee akamgeuzia mwanawe mgongo, akashika mivukuto, akawa anavukuta kwa nguvu, na motoni hapakuwa na chuma chochote.