Miiba kwenye Njia ya Lambo

Mwanangu, ipo siku ninayoikumbuka kila nikiyaona malori ya Burundi na Rwanda yakipita hapa Ushirombo. Jana ulinirudisha huko, nikaiacha chai yangu bila kuimaliza.

Ulikuwa unawaeleza wenzako habari za India. Imeinuka, ulisema, sasa majirani zake waijue nafasi yao. "Nepali haina bahari, mizigo yake inapita India. Wakileta kiburi, India ifunge njia tu. Mwenye nguvu mpishe. Na sisi tukiinuka, Warundi watatukoma." Wenzako wakacheka. Mimi nilikasirika, na leo bado nina hasira, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe nikiwa na umri wako.

Kwetu ni karibu na Mwadui. Mwaka huo pamba ilitukubali, baba akanunua plau na maksai wawili. Nikajiona mtu. Jirani yetu, Mzee Nkwabi, alikuwa na ng'ombe wachache, na njia yao ya kwenda kunywa lamboni, kwenye bwawa la mifugo, ilikatiza shambani kwetu. Ilikuwapo kabla sijazaliwa. Baba aliposafiri kwenda Katoro kumwona shangazi, nikakata miiba ya mgunga nikaiziba njia hiyo.

Mzee alikuja mwenyewe. Hata shikamoo sikumpa.

"Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "ng'ombe wangu wanywe wapi?"

"Wazungushe kule mlimani."

"Ndama hawatafika."

"Basi uwabebe, mzee. Shamba ni letu."

Akaitazama ile miiba. "Umeziba vizuri," akasema, akaondoka.

Aliwazungusha. Ndama wake mmoja akafia njiani. Nilijua, na miiba sikuiondoa.

Siku chache baadaye, baba hajarudi bado, mchana kweupe, wezi wakawaswaga maksai wetu kutoka malishoni. Mama akapiga yowe. Kwetu yowe halichagui. Ukilisikia unaacha tonge mkononi. Wanaume wa upande wa Nkwabi wakaja mbio kwa njia fupi waliyoizoea, wakakuta miiba. Wakazunguka mlimani kama ng'ombe. Walipofika, nyayo za maksai zilikwishaingia barabara ya changarawe, zikapotea.

Mzee Nkwabi alifika wa mwisho, anahema. "Tulisikia," akaniambia. "Tumechelewa huko mlimani."

Msimu ule mama alilima kwa jembe la mkono, na mgongo wake haukunyooka tena. Wezi walichukua maksai tu. Mgongo wa mama niliupinda mimi.

Sasa unisikilize. India yenyewe inasema jirani kwanza. Ni neno zuri, lakini neno la mkubwa hupimwa mpakani, siku jirani mdogo anapombishia. Sijui yote ya huko Asia; shule yangu iliishia sekondari, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama machimbo hadi machimbo. Ila najua kwamba taifa likiinuka halihami. Majirani ni walewale, na siku likipiga yowe, wao ndio watakaosikia kwanza. Lori la Mrundi likipita hapa, usidhani tunamfadhili. Ile ni njia ya lambo, mwanangu, na wewe jana ulikuwa unawafundisha wenzako kukata miiba.

Kesho rudi palepale ukaongee nao upya. Mungu akukuze, na ukishakua akupe majirani wenye njia ya kukufikia.